Honi Isiyofukuza Mbuzi

Mume wangu alikuwa dereva wa Landrova ya serikali huko Kakuma, na katika kazi zake zote aliyoipenda zaidi ilikuwa kufagia kiwanja cha ndege. Ufagio haukuwepo. Redio ya polisi ikisema ndege imeondoka Lodwar, aliingia garini akakipita kile kiwanja cha changarawe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, honi ikilia mfululizo, ili wachungaji waondoe mifugo. Wachungaji wa kutoka Lopur waliijua honi ile. Kwao ilikuwa na maana moja tu: ndege inakuja, toeni mbuzi. Waliwatoa mbio, na mimi nikitazama kutoka mlangoni nilijiona mke wa mtu mkubwa.

Mwanetu wa kwanza alipomaliza shule alipata kazi ya ukarani Lodwar, akanunua Pijo kuukuu. Mwanzoni tulifurahi, tukidhani sasa kuna gari la kutupeleka kwetu Magharibi wakati wa Krismasi. Kisha akalileta nyumbani tukaliona. Alikuwa amekata eksosi, ametoa kiti cha nyuma, gurudumu la akiba na hata debe la maji, na ubavuni amepaka mistari myekundu.

Kwa madereva wa rika la mume wangu, gari zuri lilikuwa lile linalovuka mchanga wa laga, ule mto mkavu unaojaa wakati wa mvua, likiwa limejaa magunia ya mahindi, na watu juu ya magunia, na bado likafika. Walisifiana springi na chesisi jinsi wanawake wanavyosifiana watoto. Mume wangu alilizunguka lile Pijo polepole, mikono nyuma.

“Hili ni gari la kwenda wapi?”

“Si la kwenda mahali, Baba. Ni la kumshinda mwenzako.”

Mume wangu akanitazama kana kwamba kijana huyo nilimzaa peke yangu.

Vijana wenzake, makarani na watoto wa wenye maduka, nao walikuwa na magari ya namna hiyo. Lodwar wakubwa wangewaona, kwa hiyo Jumamosi walikuja Kakuma kushindana kwenye kiwanja chetu. Magari mawili yalisimama sambamba, mtu akaangusha shuka, yakanguruma, vumbi likafunika kila kitu. Mbio zilikwisha kabla hujameza chai, na ubishi wa nani alitangulia ukaendelea hadi jioni. Mimi sikuona utamu wake. Lakini nitasema kweli: mwanangu aliposhuka garini amejaa vumbi hadi kope, akicheka, moyo wangu ulicheka naye.

Tatizo lilikuwa honi. Kabla ya kila mbio walipiga honi ndefu kufukuza mbuzi. Majuma ya mwanzo wachungaji waliondoa mifugo, wakatazama juu, wakangoja. Ndege hakuna. Baadaye wakaelewa kwamba ni mchezo, na wakaupenda. Honi ikilia, watu walikuja badala ya kuondoka, wakaketi kandokando ya kiwanja kwenye vigoda vyao. Mbuzi nao walisogea kidogo tu, kama watu wanaompisha mlevi njiani.

“Mnaniharibia honi,” mume wangu alimwambia mwanawe.

“Honi inaharibikaje, Baba?” Kijana akacheka. Bwana D.O., mkubwa wa serikali pale Kakuma, ambaye mwenyewe alikuwa kijana, naye alikuja kutazama, basi nani angewakataza?

Mvua ziliponyesha, laga ilijaa na barabara ya Lodwar ikakatika. Mwanangu akakwama kwetu na Pijo lake. Asubuhi moja mume wangu alikuwa akipanga kuni nyuma ya nyumba, nyoka akamgonga mguu wa kushoto. Kabla ya adhuhuri mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na ngozi inageuka rangi. Dresa wa zahanati hakuwa na dawa ya sumu. Polisi wakaita Lodwar kwa redio, wakajibiwa kwamba ndege ndogo inakuja kumchukua.

Landrova ilikuwa ng'ambo ya laga. D.O. alikuwa amejiendesha mwenyewe, maji yakamfungia huko. Kwa hiyo mwanangu akaruka ndani ya Pijo kwenda kufagia kiwanja kwa ajili ya baba yake.

Tulimbeba mgonjwa kitandani hadi kwenye kivuli kando ya kiwanja. Mvua ilikuwa imeotesha majani hapo na mbuzi walijaa. Mwanangu alipita na honi yake na ile ngurumo ya eksosi iliyokatwa, na watu wakaja mbio kutoka kila upande, wamefurahi. Mama mmoja akanishika mkono kunisalimu.

“Ejok, Mama! Leo iko mashindano? Gari ingine iko wapi?”

“Ndege inakuja! Toeni mbuzi!”

Akacheka. “Hii gari? Kila siku honi, honi. Ndege hapana.”

Kadiri mwanangu alivyokimbiza gari ndivyo watoto walivyopiga makofi. Mwishowe alishuka akaanza kuwatupia mbuzi mawe, huku akilia waziwazi. Ndipo ndege ikatokea. Ilishuka chini kabisa, mbuzi wako katikati, watoto wanakimbia huku na huku, ikanguruma ikapaa. Ikazunguka, ikajaribu tena. Upande wa Uganda wingu jeusi lilikuwa linakuja kasi, na ndege ikageuka kuelekea Lodwar. Sasa watu waliamini. Waliinuka wote wakafukuza mifugo, na kiwanja kikabaki safi kabisa, hata mbuzi mmoja hakuna.

“Imerudi Lodwar,” mume wangu alisema, macho yamefumbwa.

Ndege ilikuja tena kesho yake asubuhi. Katika hospitali ya Lodwar walimkata mguu juu ya goti, mguu wa kukanyagia klachi, na udereva wake ukaishia hapo.

Mkubwa mmoja wa serikali alikuja kumwona, akauliza kwa nini ndege ilishindwa kutua siku ile. Mwanangu, aliyekuwa amesimama karibu na kitanda, alifungua mdomo.

“Upepo,” mume wangu akawahi. “Kijana, niletee maji.”

Tangu siku hiyo, yeyote aliyeuliza alijibiwa upepo, hata wachungaji walioona kila kitu kwa macho yao. Watu walimsifu kwa moyo wake mwema. Mimi ulinichoma, moyo huo, kwa sababu nilimwona mwanangu akikonda. Aliuza Pijo, akaacha wenzake, na kila mwisho wa mwezi alikuja kuketi karibu na kiti cha baba yake. Siku moja nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, “Baba, nigombeze. Hata mara moja tu.”

Mume wangu akamuuliza kama amekula.