Karavani ya Papa na Kiti cha Mama

Enzi zetu, kwenda baharini Ostende ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, na hapo gari bado halijawashwa. Ninyi wenzangu mliokulia Brussels miaka ya tisini mnakumbuka: jua la Julai likitokea, Wabelgiji waliondoka na karavani ndogo nyeupe, vijumba vya magurudumu, nyepesi kama makopo ya maziwa, zikifuata mkia wa gari. Yetu haikuwa hivyo. Papa aliinunua kwa mwanajeshi Mmarekani aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na pikapu ya kuivutia. Kwa nini hakutununulia baiskeli kama baba za watu, sijui hadi leo.

Karavani hiyo ilikuwa na shingo. Ilitoka mbele, ikapanda, kisha ikainama kama shingo ya bata anayekunywa maji, hadi ndani ya pikapu. Humo ilikaa juu ya tufe la chuma, kubwa kama chungwa, lililofungwa katikati ya sakafu, juu ya ekseli ya nyuma. Papa alisema mzigo mzito hubebwa mgongoni, si mkiani. Alimwambia hivyo kila mtu, hata mwalimu wangu wa hisabati siku aliyomwita kuzungumzia alama zangu. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, na alama zangu zikasahaulika.

Kule nyumbani Likasi, tulikotoka, Papa alikuwa dereva wa malori. Brussels alibadilisha matairi kwenye yadi moja kando ya mfereji, Molenbeek, na mwenye yadi alimruhusu kuegesha mnyama wake pale. Jumamosi ya safari tulitoka nyumbani Etterbeek kwa metro: Papa, Mama, mimi Mado, mkubwa, na wadogo zangu wawili. Yadini tuliwakuta watu wa kikundi cha sala wamevaa nguo za Jumapili. Hawakuwa wanasafiri. Walikuja kutusindikiza, maana kwetu mtu haondoki hivi hivi, hata kama anarudi Jumatatu.

Papa alikuwa na utaratibu wake, na ningeweza kuusoma usingizini. Pikapu inarudi nyuma taratibu, shingo inashushwa juu ya tufe, mkono wa kufungia, ambao yeye aliuita manette, unafungwa. Minyororo miwili inaunganishwa. Waya wa kuvuta breki za karavani endapo itachomoka unafungwa mahali pake, na taa zinajaribiwa moja moja huku mdogo wangu akipiga kelele kutoka nyuma. Kisha linakuja jaribio lenyewe. Papa alizungusha mkono wa miguu ya karavani, ile ya chuma inayoibeba ikiwa imeegeshwa, ili kuinua shingo kidogo. Kama kufuli imeshika, mgongo wa pikapu unainuka pamoja nayo. Kama haikushika, shingo inainuka peke yake. Kuvuta mbele tu hakutoshi, alisema, kwa sababu hata kofia isiyofungwa hukaa kichwani mpaka uiname. Miguu ilipandishwa mwisho kabisa.

Akisalimiwa katikati ya kazi, alianza upya. "Chauffeur mwenye anasalimia, njo ule mwenye anasahau," alisema, yaani dereva anayesalimia ndiye anayesahau. Na waliokuja kutusindikiza walifika mmoja mmoja, kila mmoja na salamu zake, za nyumbani, za kazini, za Lubumbashi. Saa mbili zilipita namna hiyo. Siku hizi vijana wanalalamika simu ikichelewa kufungua ramani.

Mama alisimama pembeni na mkoba, chungu cha sombe, yaani kisamvu, na tiketi ya treni mkononi. Ndiyo, ya treni. Alipokuwa msichana Likasi, akiuza mandazi, aliona trela ikishuka mlima bila lori. Ilimpita yeye na karai lake, ikaingia kwenye ukuta wa parokia na kutulia humo. Hakuna aliyeumia. Baadaye dereva akashuka kwa miguu kumpa pole. Dereva huyo ndiye Papa. Mama alikubali kuolewa naye, lakini alisema wazi kwamba hatapanda kitu chochote ambacho mwanamume huyo anakivuta. Na hakupanda.

Kwa hiyo kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Sisi watatu tulibanana nyuma, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Papa alikuwa amekinunulia mto mdogo wa bluu. Tulijua: Papa hakuitaka bahari kwa kiasi hicho. Alitaka Mama akae pale.

Tulipofika Ostende, Mama alikuwa ameshafika zamani, maana Papa hakuzidi themanini kwa saa, na baada ya kilomita kumi za kwanza alisimama kugusa kila kitu tena. Tulimkuta kwenye benchi, chungu mapajani, akitazama barabara. Bahari ilikuwa nyuma yake.

Kiangazi cha tatu, Papa alimaliza utaratibu wake vizuri, akainua, pikapu ikainuka, akashusha. Ikabaki kupandisha miguu tu. Ndipo tukaomba. Watu wakaizunguka karavani na kuiwekea mikono, na kwa kuwa nafasi haikutosha, Tonton Fidèle, kiongozi wa kikundi, mtu mwenye nguvu za roho na za mikono pia, alipanda ndani ya pikapu. Alishika kilichokuwa karibu naye. Sala ilikuwa ndefu. Sisi tulifumba macho, kwa sababu Mama alitufinya kila tulipoyafumbua.

Baada ya amina Papa aliinama kwenye miguu ya karavani.

"Papa Mado, simama," Mama akasema. "Inua kwanza."

"Nilisha kuinua, Mama Mado. Na tulisha kuomba."

"Tulisha kuomba, njo vile Tonton anafungua manette. Minamuona na macho yangu."

Na macho yake, yaliyokuwa wazi wakati wa sala. Mimi na wadogo zangu tulitazamana.

Tonton Fidèle alicheka kwa upole. "Maman, hii voiture tunaifunika yote na damu ya Yesu. Alors, unaogopa nini?"

"Ninaogopa manette, Tonton."

Watu wote walimtazama Papa. Angeweza kukataa, na wengi wangekuwa upande wake. Aliushika mkono wa miguu, akauzungusha. Shingo ikainuka. Pikapu haikuinuka. Mwanga ukapita kati ya shingo na pikapu, na tukaliona tufe limebaki peke yake, likimetameta kwa grisi. Mdogo wangu wa mwisho akasema, "Amina." Hakuna aliyemkemea.

Niliogopa sana. Nilikuwa nikiamini Papa hakosei, na sasa nilimwona akiitazama mikono yake, kama bila shaka alivyoitazama siku ya ukuta wa parokia. Akaifuta kwenye suruali.

"Bon," akasema. "Tunaanza ku mwanzo."

Akaanza mwanzo, mbele ya wote, bila haraka: manette, minyororo, waya, taa. Alipofika kwenye jaribio alisogea pembeni. "Mama Mado, inua weye."

Mama aliweka chungu chini, akakaza pagne yake, kitenge cha kiunoni, akazungusha. Shingo ikainuka, na mgongo wa pikapu ukainuka nayo. Akashusha. Akainua tena, mara ya pili, kwa sababu yeye ni Mama. Kisha akamkabidhi Tonton Fidèle chungu na tiketi ya treni. "Tutakutana Ostende," akamwambia, akapanda mbele na kuukalia mto wa bluu.

Siku hiyo Papa alikwenda sabini kwa saa. Alisema ni upepo. Hapakuwa na upepo. Tonton Fidèle tulimkuta kwenye benchi, na chungu kilikuwa chepesi kuliko alivyokipokea.

Karavani iliuzwa zamani. Mwanangu ana gari linalolia asipofunga mkanda, linalolia akirudi nyuma, linalolia likiona ukuta. Namuuliza kama amekagua kitu, ananijibu, "Maman, gari itasema." Akisafiri hakuna anayemsindikiza. Marafiki wanamtumia picha ya mikono iliyounganishwa, naye anawajibu kwa kidole gumba. Nawaonea huruma, na wao, nadhani, wananionea mimi.

Papa na Mama wako Ganshoren, ghorofa ya chini, kwa sababu ya miguu ya Papa. Jumapili mimi na mwanangu tunakwenda kuwachukua kwa misa. Tunaomba tukiwa tumekaa. Baada ya amina Mama anapitisha mkono wake chini ya kwapa la Papa, na Papa mwenyewe ndiye anayesema: "Inua kwanza."

Mama anainuka kidogo. Papa akiinuka naye, tunakwenda. Ikiwa Mama ameinuka peke yake, anarudi kukaa kando yake, na tunaanza mwanzo. Huko nje gari la mwanangu linalia kwa sababu mlango uko wazi.