Kanda Haianzwi Upya

Mjukuu wangu, jana ulinionyesha kazi yako ya kompyuta, ukaniambia faili likifunguliwa vibaya maandishi mapya yanafuta yote ya zamani, na likifunguliwa vizuri yanajipanga mwishoni. Nikacheka peke yangu. Hayo niliyajua kabla baba yako hajazaliwa.

Naukumbuka mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, chini kidogo ya nyanda za juu za Rondo. Mimi ndiye msichana pekee niliyefundishwa kutumia redio ya kaseti ya darasa la kisomo cha watu wazima, na nilijiona kweli kweli! Kanda tulikuwa nayo moja tu. Ndani yake Mzee Chitanda, aliyekuwa mkubwa wetu kule tulikohama, alikuwa ametaja makaburi yote tuliyoyaacha: nani kalala wapi, karibu na mti gani. La mama yangu lilikuwamo. Haukupita muda, mzee naye akafariki.

Akaja bwana mmoja kutoka wilayani kurekodi ngoma yetu kwenye kanda ileile. Akairudisha kanda hadi mwanzo, kidole tayari kwenye kitufe chekundu. Nikaifunika mashine kwa viganja vyangu.

"Shikamoo, mzee. Hapo usibonyeze. Tuipeleke mwisho kwanza."

"Marahaba. Binti, unajua unazungumza na nani?"

"Najua, mzee. Lakini humu yumo marehemu, na ukibonyeza hatumpati tena."

Mikono sikuitoa. Mwishowe akasogeza kiti nyuma. "Haya, fanya wewe." Nikaipeleka mbele, nikasikiliza hadi neno la mwisho la Mzee Chitanda, nikaiacha izunguke kidogo ili sauti zisigusane, ndipo nikabonyeza. Ngoma ikaingia, na sauti ya Mzee Chitanda ikabaki.

Miaka ikapita, mahame yetu, kule tulikohama, yakawa pori. Baba yako alipotaka kumzuru bibi yake kabla ya Ramadhani, tulimsikiliza Mzee Chitanda, tukafyeka palepale aliposema, tukalikuta kaburi. Nikamwombea mama yangu dua, baba yako kanishika mkono. Najivuna mpaka leo, sikufichi.

Basi, mwanangu, kabla hujaandika lako, hakikisha umefika mwisho wa ya wenzako. Ongeza, usifute. Na mkubwa akikosea kitufe, mwamkie kwa adabu, kisha mzuie. Mwenyezi Mungu akupe umri na mkono mtulivu, na watakaoandika baada yako wakukute umo.