Tangazo la Kifo cha Baba

Baba alipofariki baada ya kuugua, mama alisema jambo moja tu kabla hajaanza tena kulia: "Mupeleke tangazo ku televizyo."

Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa mtoto wa kwanza, na mipango ya mazishi ilikuwa mikononi mwangu.

"Maman, nani anaangalia televizyo siku hizi? Watu wote wako ku simu."

Hapa Bukavu, tangu utoto wangu, vifo vilitangazwa baada ya habari za jioni: picha ya marehemu, jina, saa ya misa. Baba hakukubali tuongee wakati huo. Lakini sasa televisheni ya nyumbani kwetu, mtaani Bagira, ilikuwa imefunikwa kitambaa kwa miaka, na niliamini kila mtu anaishi kama mimi. Nikaweka picha ya baba mtandaoni. Misa tukairusha moja kwa moja, wadogo zangu walio Ulaya wakalia pamoja nasi kupitia simu. Nilijiona nimefanya vizuri.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, mzee mmoja akaingia uani, kuku kwapani. Nilimfahamu. Alifundisha shule moja na baba miaka mingi, kisha akarudi kulima kijijini kwao Mudaka.

"Nimekuja kumuona mugonjwa," akasema. "Iko namna gani leo?"

Mama akatoka jikoni, akamwona, akaketi chini palepale. Ikabidi mimi nimwambie mzee.

"Papa, tulishamuzika."

"Lini?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama anayesahihisha kosa la mwanafunzi.

"Hapana. Kila jioni naangalia matangazo. Sikumuona. Kila jioni nilisema, asante Mungu, mwenzangu iko muzima."

Nikatoa simu nimwonyeshe misa. Aliishika kwa mikono miwili, mbali na macho. Picha ikatembea kidogo, ikakwama padre akiwa ameinua mkono. Mzee akaendelea kuitazama, akingoja. Hakujua kwamba imekwama.

"Mupeleke ku kaburi," mama akaniambia.

Kaburini alivua kofia, akaanza kusema na baba kwa Mashi, lugha ya kwao, taratibu, kama watu waliokaa pamoja barazani. Nilisimama nyuma yake, nikamsikia akimwomba msamaha kwa kutokuja kumzika.

Nilitaka kumwambia kosa lilikuwa langu. Nilimsindikiza hadi kwenye gari la Mudaka, akapanda, na bado sikuwa nimesema.