Mstari wa Mwalimu

Jumamosi iliyopita, kwenye arusi huku ughaibuni, mjini Hyattsville, nilitaja jimbo la uchaguzi nilikozaliwa. Kijana wa Nairobi aliyeketi karibu nami akalitafuta kwenye simu, akacheka. "Anko, hiyo jimbo haiko. Ilifutwa, ikagawiwa majirani."

"Basi mzee wangu huna kwenu," akadakia dereva teksi wa Tanga. "Kula pilau urudi Alexandria unakoishi."

Nilikula. Mimi huandika makala ndefu kuhusu uzalendo, na sikuwa na habari kwamba kwetu kumefutwa.

Nikueleze basi, rafiki, lilivyokuwa. Vumbi jekundu, josho la ng'ombe, shule ya mabati, na bomba moja la maji karibu na ofisi ya naibu wa chifu. Asubuhi madebe yalilia kwa zamu chini ya bomba hilo, nami nikingoja na kiazi kitamu mfukoni, cha moto, kikinichoma paja.

Uchaguzi wa wakati ule ulikuwa wa mlolongo. Hakuna karatasi: unasimama nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea wako, jua linakuona, chifu anakuona. Mwalimu wetu aligombea dhidi ya mbunge, ambaye alikuwa amegawa sukari kijiji kizima. Nyanya yangu alijipaka mafuta, akajifunga leso mpya, akaenda kusimama nyuma ya picha ya mwalimu.

"Mama, umepotea! Mstari wa sukari ni huku!" wakamzomea vijana wa mbunge.

"Sukari huozesha meno," akajibu. "Hebu fungua kinywa, wenzako waone."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kikawavuta wengine upande wetu. Mstari wa mwalimu ukapita josho. Wa mbunge, mfupi, uliishia langoni mwa shule. Msimamizi akahesabu, akajifuta jasho, akamtangaza mbunge kuwa mshindi.

Kisha bomba likatiwa kufuli. Aliyesimama na mwalimu alitakiwa aende kwa naibu wa chifu na kuku, aombe radhi, ndipo ateke maji. Wakaenda mmoja mmoja, kuku kwapani, wakipitia vichakani. Nyanya akakataa. "Niombe radhi kwa kusimama?" Tukateka maji ya mtoni, rangi yake chai ya maziwa. Nami, mpumbavu, nilibeba ndoo yangu kama nishani.

Mdogo wangu akaanza kuhara. Nyanya alimpa uji mwepesi, akamchemshia majani machungu. Alipoona macho ya mtoto yamedidimia, alimkamata jogoo wake pekee akaenda naye mchana, katikati ya barabara, kila mtu akimtazama. Kufuli likafunguliwa. Kwa maji yale safi tuliwapikia waliokuja kwenye matanga ya mtoto.

Miaka baadaye kura ya siri iliporudi, nyanya hakwenda. "Nijifiche, kwani nimeiba?"

Pale arusini kijana alinisomea sababu ya jimbo kufutwa: uchache wa watu. Nikawahesabu wa kwetu. Nyanya hayupo. Mwalimu alihamishwa, akafia ugenini. Na yule aliyezoea kunifuata mtoni na kikopo chake, akinililia nimngoje, hakufikia umri wa kusimama kwenye mstari wowote.