Mapigo Mawili ya Ngoie

Siku ya kwanza kazini nilipewa koleo na ndoo ya mafuta machafu, nikaonyeshwa rundo la mchanga. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, kwa sababu mama aliposikia "uwanja wa golfu" alidhani nimepata ofisi. Kabla ya saa nne shati lile halikufaa hata kufutia jiko.

Nyinyi vijana mmeiona golfu kwenye simu, na majani yake mazuri, kwa hiyo hamtaniamini. Kamina wakati wa kiangazi hakuna majani ya kusema. Pale penye kishimo, mahali panapoitwa grini, tulitandaza mchanga uliochanganywa na mafuta yaliyotolewa kwenye injini za treni, ili upepo usiupeperushe. Viatu viliacha alama, basi mchezaji aliruhusiwa kwanza kulainisha mchanga ulioko mbele ya mpira wake, ndipo ausukume kishimoni. Hiyo ilikuwa kanuni yetu, na haikumdhuru mtu.

Bosi wangu wa kwanza, chef wa uwanja, alikuwa mzee wa reli mwenye sauti ya filimbi. "Green njo sura ya terrain," aliniambia, yaani ya uwanja wote. "Weye unanawaka sura kila asubui? Basi na yeye umunawishe." Nilimnawisha miaka sita. Kisha nikapelekwa Luena kupakia mataruma ya reli, miaka miwili ambayo sina hamu ya kuisimulia. Niliporudi nikawa kedi, yaani mbeba mfuko wa vyuma vya kupigia mpira anayemshauri mchezaji. Mwishowe nikafanywa mwalimu wa wanawake. Wanaume wenzangu waliikataa kazi hiyo wakicheka, na mimi nikaichukua kwa hasira.

Ngoie alikuwa binti wa fundi wa breki. Alianza na chuma cha kuazima, kilichopinda, na katika miaka mitatu hapakuwa na mwanaume wa Kamina aliyependa kucheza naye mbele ya watu. Nilijivunia mtoto yule kuliko nilivyojivunia wangu mwenyewe, na wangu walilijua hilo.

Ndipo ukaja mwaliko wa mashindano ya timu za wanawake wa ridhaa, wale wasiolipwa, kutoka nchi nyingi. Kila timu ina wachezaji watatu, na kila siku huhesabiwa matokeo ya wawili waliofanya vizuri. Rais wa klabu, tuliyemwita Président, aliongoza safari. Kabla ya kuondoka alimwita Ngoie mbele yangu. "Tusikuwe ba mwisho," alisema. "Tukirudia na heshima, weye njo utakuwa monitrice wa batoto banamuke, kazi ya kweli, na contrat." Kuwa mwalimu wa wasichana, tena kwa mkataba! Ngoie hakulala kwa furaha. Nyumbani kwao baba alikuwa ameacha kazi kwa ugonjwa wa mapafu, na wote walimtegemea yeye.

Siku ya mwisho ya mashindano mmoja wetu alishikwa na malaria, kwa hiyo walibaki wawili na hapakuwa na matokeo ya kutupa. Mimi nilimbebea Ngoie mfuko. Kwenye kishimo cha kumi na sita mpira wake uliangukia bunka, shimo la mchanga lililochimbwa makusudi kumtega mchezaji. Kamina hatuna bunka. Ngoie aliona mchanga, na mguu wake ukafanya nilichoufundisha mwenyewe: akalainisha njia mbele ya mpira, kisha akapiga. Kwenye bunka, hilo ni kosa, na adhabu yake ni mapigo mawili. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi.

Nilimweleza tulipomaliza, kabla hajatia sahihi kadi yake ya mapigo. Akashtuka. "Minyi nilifanya tu sawa vile tunafanyaka kwetu, papa."

Président alikuwa amesimama karibu, hesabu zote kichwani. "Nani alimuona?"

"Minyi njo nilimuona."

"Basi ile maneno ibakie kwetu."

Nikanyamaza. Nasema kweli, nilinyamaza. Ngoie ndiye aliyechukua penseli akaongeza mawili kwa mkono wake, akatia sahihi. Tukawa wa mwisho, kwa pigo moja.

Jioni ile Président alikaa kuandika ripoti. Alikuwa na hasira na alitaka jina la mtu wa kulaumiwa. "Ulimufundishaka règle ya bunker, ao hapana?"

Nilikuwa na mke, watoto watano na nyumba ya klabu. "Nilimufundisha, Président," nikajibu, na haikuwa kweli. Akaandika kwamba mchezaji alifundishwa kanuni akazipuuza, na mimi nikatia sahihi chini. Ngoie hakuitwa tena. Kazi ya monitrice hakupewa mtu, na wasichana wengine wakaacha kuja mmoja mmoja. Mimi niliendelea na kazi miaka kumi na moja. Kila nilipokutana naye aliniamkia kwa heshima, na nilianza kupita njia nyingine kwenda sokoni.

Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani. Président akasimama kunisifu: huyu ni mtu mwaminifu, aliona kosa la timu yake mwenyewe na hakulificha. Watu wakapiga makofi, na mimi nikainua mkono kushukuru.

Ngoie alikuwa akinisubiri nje, na beseni la samaki wakavu wa Bukama anaowauza stesheni. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele zilikuwa zimeanza kuwa na mvi.

"Papa," aliniambia taratibu, "ile rapport niliisomaka. Secrétaire wa klabu alinionyesha, ni zamani sana."

Sikuweza kumtazama.

"Sikukuwa na haraka. Nilikuwa nangojea tu weye mwenyewe uniambie."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni, miaka kumi na moja ya maneno. Nikamwambia mvua inakuja, afadhali awahi nyumbani samaki wasilowe.