Neno Nililopewa Mlangoni mwa Dansi

Juzi nilipita Karatu nikielekea Buger, nikakuta ule ukumbi wa zamani wa dansi umebomolewa. Pamejengwa hoteli ya wageni wanaokwenda kutazama wanyama Kreta. Mlinzi aliponiona nimesimama muda mrefu akaniuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia sijapotea, hapa nilicheza mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Akacheka, nami nikacheka, ingawa mahali pale hapajawahi kunichekesha hata siku moja.

Nilikuwa mgonjwa wa muziki, sina neno jingine. Miaka ile ya mwanzoni mwa themanini bendi zilipanda huku kwetu mara mojamoja, na zikija, mimi na mama mdogo, ndugu yake mama, hatukukamatika. Tulitoka Buger alfajiri, viatu tumevishika mkononi visichafuke na udongo mwekundu. Bendi ikiwa Mto wa Mbu, tulidandia malori ya vitunguu yaliyotoka Mang'ola, tukakaa juu ya magunia tukiimba huku macho yanatuwasha. Tulifika tunanuka vitunguu mpaka kwenye nywele, lakini nani alijali? Mpiga gitaa alikuwa hajamaliza hata kukaza nyuzi na sisi tumeshajipanga mbele.

Nililelewa na bibi, mama yake baba. Bibi hakuchukia muziki, alichukia betri kuisha. Redio yake ilikuwa ya kusikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi. Lakini akienda kupalilia ngwara, maharage ya huku kwetu, mimi niliifungua nikanakili nyimbo kwenye daftari, maana kwenda kwenye dansi hujui maneno ilikuwa aibu. Betri zikilegea niliziweka juani, zikapata uhai wa siku mbili tatu. Wiki moja bendi kubwa ilipokuwa inakuja Karatu, nilizimaliza kabisa. Dukani hazikuwepo, kama vile sabuni na sukari visivyokuwepo. Bibi akageuza kitufe jioni, redio ikakoroma kidogo, ikanyamaza.

Jumapili hiyo onyesho lilikuwa la mchana, saa tisa. Mama mdogo alikwishaingia ndani, mimi nafunga kamba za viatu mlangoni, nikasikia naitwa. Alikuwa jirani wa kaka yake bibi, mama mmoja wa Mbulu niliyemfahamu kwa sura.

“Wewe si mjukuu wa yule bibi wa Buger?”

“Ndiyo, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Ndiyo nilikuwa nakuja kwenu mimi. Kaka yake bibi yako amefariki, anazikwa kesho saa nane. Wametangaza redioni siku mbili, kimya, ndiyo wakanituma. Mwambie leo hiihii, awahi gari la asubuhi. Umenisikia?”

“Nimesikia, mama.”

Akashukuru Mungu kwa kumpunguzia safari, akageuka kuwahi gari la kurudi. Kwetu, neno likishapewa mtoto wa nyumba ile, limefika. Hakukosea kitu yule mama.

Nilipaswa kukimbia. Lakini tumba zikaanza kulia ndani, nikasema wimbo mmoja tu. Ukawa wa pili. Nisikudanganye: nilifurahi. Nilicheza mpaka wapigaji walipoanza kufungasha vyombo vyao, na mama mdogo sikumwambia kitu.

Nyumbani bibi alikuwa ameniwekea makande. Akataka nimwimbie walichopiga. Nikaimba. Kila nilipomaliza wimbo nilijiambia sasa namwambia, kisha nikakumbuka betri, nikakumbuka kwamba nikisema nilikuwa na habari tangu saa tisa, safari zangu za muziki ndiyo basi. Akacheka, akaomba mwingine. Asubuhi nikaenda shule.

Bibi alipata habari Jumatano, kwa mpita njia. Aliporudi kutoka Mbulu hakukaa hata chini.

“Wanasema walituma mtu, na wewe ukaambiwa pale mlangoni mwa dansi. Ni kweli?”

“Si kweli, bibi. Sikumwona mtu.”

“Basi hao ni waongo,” akasema. “Wamenizikia kaka yangu kwa siri, sasa wanamsingizia mtoto.”

Tangu siku hiyo akawakata. Watoto wa kaka yake walikuja mara mbili kusuluhisha, akawaacha wamesimama uani. Walipomwoza binti yao, hakwenda. Nami nilikuwepo siku zote, nachota maji, nasonga ugali, nikiogopa jina la Mbulu likitajwa. Dansi niliendelea kwenda, ila nilikuwa natazama mlango kuliko jukwaa.

Ilipita miaka tisa. Nilikuwa tayari mwalimu wa shule ya msingi, nimekuja likizo, bibi anapepeta ngwara. Nikamwambia yote, betri na mlango na wimbo wa pili. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha.

“Ulifurahi siku hiyo?” akaniuliza.

“Nilifurahi, bibi.”

“Ungeniambia hata baada ya mazishi. Ningekugombeza wiki moja, na ndugu zangu ningebaki nao.”

Watu wa rika langu tukikutana husema zamani imepotea, kana kwamba ilidondoka yenyewe. Wanataja bendi, suruali za bugaluu, viatu vya raizoni. Mimi najua kitu kilichopotea kwa mkono wangu, na muziki wala haukuwa na kosa.

Kesho yake baada ya kumwambia bibi, tulikwenda Mbulu, yeye amebeba ngwara mpya za kuwapelekea watoto wa kaka yake. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na mahindi mpaka pale ulipokuwa mlango. Jirani yule aliyenipa neno alikwishafariki, na waliobaki hawakukubaliana: mmoja alisema walihamia Babati, mwingine Kiteto. Bibi alisimama ukingoni mwa shamba akawaita mmojammoja kwa majina, kama mtu anayebisha hodi. Akatoka mwenye mahindi, akatuamkia, akauliza tunamtafuta nani.

“Sema wewe,” bibi akaniambia.