Gagulo Langu Mikononi mwa Mkwe

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu Halima mwanangu ameshalisambaza kwa mashangazi zake wote, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenye aibu yangu kabla halijaongezwa chumvi (ingawa sijui chumvi nyingine ingeingia wapi).

Halima ni muuguzi kwenye kisiwa kimoja kidogo upande wa Mafia, na huko akapata mchumba, Saidi. Likizo ya Juni akanikatia tiketi nitoke Kiomboi nikapumzike, nile samaki, nilale, na kabla sijaondoka wazazi wa Saidi waje kunisalimia, maana baba yake, Mzee Bakari, alisema hapeleki posa kwa watu asiowajua. "Mama, wazee wa huku wanaangalia sana heshima," Halima akaniambia, utadhani mimi nimekulia porini.

Siku yenyewe Halima kaenda zamu, mimi nikaona nifue. Nguo zote, maana vumbi la basi lilikuwa limeingia hadi ndani ya begi, nikabaki na kanga moja tu kifuani. Sasa kuanika: uani kwa Halima ndiko wageni watapita, na mimi sikutaka mkwe apishane na magagulo yangu. Nikatazama baharini, nikaona maji yamekwenda zake mbali, yameacha mchanga mweupe, mpana kuliko uwanja wa mpira, wala hakuna mtu. Nikazitandaza zote pale, nikarudi kulala.

Mnaoijua Kitangiri mtanielewa. Ziwa letu likirudi nyuma kiangazi limerudi, watu wanalima viazi pale hadi wanavichimba, maji hayana habari nao mpaka mvua zije. Na tafadhali asitokee wa kunikumbusha kwamba nafundisha jiografia, kwamba kupwa na kujaa nimekuchora ubaoni miaka yote, na mwezi wake na mishale yake. Najua.

Niliamka nikakuta mawimbi yanapiga karibu na ngazi. Mchanga hakuna, nguo hakuna. Nikayakimbilia maji (kuogelea sijui, nilikuwa nakimbia kwa hasira tu), wimbi likanibwaga, nikatoka nimelowa chapachapa, mkononi nina kilemba kimoja. Nikajaribu magauni ya Halima, lakini yule mtoto ni mwembamba, hata lile kubwa liligoma mabegani. Nikiwa katika kuhangaika, nikasikia hodi.

Wamewahi. Kukataa kutoka ingekuwa dharau, na dharau ingekula ndoa ya mwanangu, kwa hiyo nikang'oa shuka la kitandani, lenye maua makubwa, nikajizungushia, nikajitanda taulo kichwani, nikatoka taratibu kama bibi harusi. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia huku anatazama ukuta. Mkewe, Bi Mwanaidi, akatazama shuka. Kisha mzee, kwa upole kabisa, akanyanyua fungu la nguo zinazochuruzika maji, juu yake gagulo langu la bluu lenye lesi, akasema wameziokota ufukweni, je, namjua mwenyewe?

Hapo ningesema ukweli yakaisha. Nikasema, "Hapana mzee, labda ni za watalii." Tena nikatikisa kichwa kuwasikitikia watalii.

Mara Halima akaingia kutoka zamu. "Mama, mbona mzee ameshika gagulo lako?"

Mzee akaliachia kama limemuunguza. Nikakiri kwamba ni zangu, zote, na nimedanganya, naomba radhi, maana nilishaiona posa ya mwanangu inaondoka na yale maji. Bi Mwanaidi akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini, halafu akavua kanga yake ya juu akanifunga.

"Mwenzangu, tangu juzi hatulali," akasema. "Tumeambiwa mama yake ni mwalimu wa bara, mkali. Nikajua atatuona washamba."

Posa ililetwa. Nami nimeapa, ugenini sianiki hata leso bila kumuuliza mwenyeji, na aibu ikinijia naikubali ikiwa bado ndogo. Mzee Bakari alipokuja Kiomboi kwenye harusi hakunitazama usoni hata mara moja, na mimi nilikuwa naangalia miguu yangu tu, na majirani hadi leo wanatusifia kwamba wakwe wanaoheshimiana namna ile siku hizi hawapo.